Mwaka Nilioubeba Kichwani

Mama aliponisindikiza stesheni, jambo la mwisho aliloniomba halikuwa kanga wala sukari. Alisema, "Ukifika pwani utuandikie sikukuu zao. Nasikia watu wa kule hawaishiwi na sikukuu." Mama hajui kusoma. Barua zangu husomwa uani na katekista, kwa sauti ile ile anayosomea Injili, na majirani hukaa wakasikiliza. Kwa hiyo nilijua tangu siku ile kwamba nikiandika uongo nitaaibika mbele ya kijiji kizima. Sikujua bado kwamba nikiandika kweli nitaaibika vilevile.

Naandika polepole. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni huko kwetu Unyamwezi, na mwalimu alizoea kusema kwamba wenzangu wakimaliza imla mimi ndio kwanza naandika tarehe. Kusema nasema polepole zaidi. Nikimwamkia mtu mzima, sauti hunitoka kidogo sana hata wengine huniuliza kama naumwa. Lakini macho yangu hayana aibu. Yanapenda kuona kila kitu, na mara nyingi yamenipeleka mahali ambapo mdomo haukuweza kunitoa.

Nilikuwa nimetumwa kwa mjomba aliyefanya kazi reli. Nilipofika Dar es Salaam nikakuta amehamishiwa Morogoro wiki hiyo hiyo. Alikuwa amepanga chumba Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, na alimwachia mwenye nyumba maneno kwamba nikae pale mpaka atakaponiita. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizaramo, mwembamba, mwenye kucha za hina na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Nilimkuta uani anachuja tui.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, hapa hakuna mgonjwa. Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akaweka kifumbu chini, akapiga makofi. "Lo! Mtani wangu huyu! Njoo, mpagazi, tua mzigo. Babu yako alimbebea babu yangu pembe za ndovu kutoka huko bara, na moja ikapotea njiani. Haya, umeileta?"

Wanawake waliokuwa uani wakageuka kunitazama, wakingoja. Nilijua wanangoja nini. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na baina ya watani matusi ndiyo salamu. Mtani anaweza kukukamatia kuku akala mbele yako. Anaweza kuja matangani kwako akacheka, na hakuna wa kumnunia. Tena mtani ndiye huitwa panapokuwa na kitu ambacho ndugu wenyewe wanaogopa kukishika. Nilikuwa nimewaona wazee wetu wakitaniana hivyo kwa ufundi, neno kwa neno, mpaka watu wanashika mbavu. Nami nilipaswa kumrudishia yule bibi tusi lake, zuri na la haraka.

Nikasema, "Hapana, bibi. Sijaileta."

Wanawake walicheka, lakini si kicheko cha utani. Bibi hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyenunua redio akakuta haina sauti. "Masikini mie," akasema. "Nimeletewa mtani bubu."

Tangu siku ile kila asubuhi alinitukana kabla sijanawa uso, akanyamaza kidogo kunipa nafasi, nami nikasema "Ndiyo, bibi," naye akatikisa kichwa akaenda zake. Majibu yalikuwa yananijia jioni, nikiwa peke yangu, nimekaa na daftari langu.

Nilikaa Mtoni miezi mingi kuliko alivyodhani mjomba, na sikukuu nilizoahidi kuzitazama zilikuja moja moja. Siku ya Idi nilisimama pembeni ya uwanja wa sala nione jinsi mistari inavyopangwa. Bwana mmoja aliyechelewa akanipa makubadhi yake nimshikie. Wa pili akaona, akanipa yake. Sala ilipoanza nilikuwa nimekumbatia viatu mpaka kidevuni, na sikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba mimi ni mpita njia. Siku ya Krismasi, baada ya kanisa, watu wa kusini walicheza ngoma yao ya vinyago nyuma ya mashamba ya mihogo. Mchezaji mwenye uso wa mti akanijia, akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono. Nikampa kofia yangu. Mpaka leo sijui alitaka nini, na kofia sikuiona tena.

Ngoma ile ilikuwa ya jamaa za mchonga vinyago aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu mwishoni mwa mwaka ule. Alitoka mbali kusini, Mkristo kama mimi, mtu wa maneno machache. Nilipenda kwenda kukaa kwake kumtazama anavyotoa sikio la mtu kwenye gogo la mpingo. Hakunilazimisha kusema. Yeye na mimi tulikuwa wageni wawili wasiojua mambo ya pale, ingawa kila mmoja alidhani mwenzake anayajua.

Majira ya baridi yalipoingia, binti wa bibi alikuja kwa mama yake, mimba ikiwa kubwa. Mumewe alikuwa kwenye mashamba ya mkonge. Nilimwita dada, naye alikuwa mpole kwangu. Alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakufika arobaini. Wa pili walimzika ndani ya mwaka uliokuwa unakwisha, na ndani ya mwaka huo huo bibi alifiwa na mumewe. Nilimsikia akisema na mwanawe wakichambua mchele:

"Tumbo hilo lizuie."

"Mama, tumbo linazuiwa vipi?"

"Sijui. Lizuie tu. Mwaka huu umekwisha kula vya kutosha nyumbani mwangu. Mtoto huyu asizaliwe humu. Azaliwe mwaka mpya, aote moto mpya."

Kumbe hakuwa akisema mwaka wa kalenda ya misheni. Watu wa pwani wana mwaka wao wa zamani, ambao mwalimu wa chuo cha Kurani huuhesabu siku kwa siku, na siku unapoanza huiita Siku ya Mwaka. Siku moja alasiri mwalimu alipita akasema siku zimetimia. Bibi aliinua mikono juu akashukuru, kisha akashika tumbo la bintiye kwa viganja vyote viwili kama mtu anayejaribu tikiti.

"Kesho tunautoa mwaka," akaniambia. "Wewe Mkristo wangu bubu, lala zako. Tukirudi utakula."

Nilikuwa na swali. Mwaka unatolewaje? Unatolewa wapi, unapelekwa wapi? Daftari lilikuwa mapajani na kalamu mkononi. Lakini uani palikuwa na shangazi watatu wa dada, waliokuja kwa sikukuu, na macho yao yote yalikuwa kwangu. Nikasema, "Ndiyo, bibi." Ningeuliza swali lile moja, nisingekuwa na hadithi hii.

Asubuhi niliamshwa na ukimya. Nyumba ile haikuwa na kawaida ya kunyamaza: saa ile bibi huwa amekwisha kunitukana na kinu kinadunda. Nikatoka uani. Hapakuwa na mtu. Mlango wa chumba cha dada ulikuwa wazi, na mkeka wake umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Nikaenda bandani, maana jiko lilikuwa katika banda la makuti nyuma ya nyumba, nikasimama pale pale mlangoni.

Jiko lilikuwa tupu. Majivu yote yalikuwa yamezolewa mpaka udongo unaonekana. Mafiga matatu yamesuguliwa masizi. Vyungu na sufuria vimefunikwa kifudifudi nje. Mstari mwembamba wa majivu ulitoka mlangoni mwa banda, ukapita uani, ukaelekea barabarani. Nikaufuata. Uliishia njia panda, na pale palikuwa na lundo la majivu yaliyomwagwa, si ya nyumba yetu tu.

Lazima nieleze mambo ya kwetu. Kwetu jiko halifi. Hata usiku kaa moja hufukiwa majivuni lingoje asubuhi. Nimekwisha kuona jiko limezolewa majivu mara moja tu, alipokufa bibi mzaa mama. Walizoa, na nyumba za ndugu nazo zikazoa, wakamwaga njia panda, wakakunja mkeka wake wakausimamisha ukutani, kisha watu wote wakaenda mtoni kuoga baada ya maziko. Anayebaki nyumbani ana kazi moja: kwenda kuomba moto kwa mtu asiye wa ukoo, awashe, ateleke maji, ili wenye msiba wakirudi wasikute nyumba baridi.

Nilitazama mkeka ule. Nikatazama njia panda. Sikuwa na shaka hata kidogo. Dada alikuwa amefia katika uzazi, wamekwenda kumzika, na kwa sababu mimi ni mgeni hawakutaka kuniamsha.

Nilikimbia kwa mchonga vinyago. Alikuwa ameketi mbele ya makaa, anapasha chuma cha kutobolea.

"Dada amekufa," nikasema.

Akaweka chuma chini. "Amekufa? Nani amekwambia?"

"Jiko limezolewa."

Alinitazama, akavua kofia. Hata kwao, nadhani, jambo hilo lilikuwa na maana hiyo hiyo, au labda aliamini uso wangu. Nami nililia. Nilikuwa nimeinama juu ya kinyago kilichokuwa baina yetu, mzee aliyeshika goti lake, na machozi yakamdondokea kichwani. Jirani yangu akaniacha nilie. Kisha akachukua kigae, akaweka makaa mawili mekundu.

"Tangulia," akasema. "Navaa shati, naja."

Niliwasha moto ule vizuri kuliko moto wowote niliowahi kuwasha. Nikageuza sufuria, nikateleka maji. Nilikuwa nimechutama pale napuliza, moshi umenijaa macho, niliposikia ngoma.

Ngoma, na vicheko, na watu wengi wakiimba kutoka upande wa bahari. Nikajiuliza ni msiba gani huu. Nikatoka mpaka barabarani, na kabla sijafungua mdomo kijana mmoja akanimwagia kibuyu cha maji ya chumvi usoni.

"Mnyamwezi hajaoga mwaka! Mkamateni!"

Nilipofuta macho nikamwona dada. Alikuwa anatembea polepole baina ya shangazi wawili, kanga imelowa, mkono mmoja juu ya tumbo, anacheka. Nilifurahi hata nikasahau aibu. Nikamwendea moja kwa moja mbele ya watu wote, nikauliza swali la kwanza nililowahi kuuliza kwa hiari yangu tangu nifike pwani.

"Dada, majivu yametupwa kwa nini?"

"Hee, leo bubu anasema!" akasema shangazi mmoja.

"Majivu ndiyo mwaka wenyewe," dada akanijibu. "Yaliyotupata yote yamo humo. Unakunja mikeka, unazoa, unatupa, unakwenda kuoga baharini. Mioto yote mtaani inazimwa. Halafu wazee wanapekecha moto mpya kwa vijiti, kila nyumba inachukua wake. Wetu anauleta mama, yule kule."

Nikatazama nyuma. Bibi alikuwa anakuja mwisho wa watu wote, kigae mikononi kimefunikwa jani la mgomba, moshi mwembamba ukimpanda shingoni. Alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Hakuimba. Hakutukana mtu.

"Na moto wa jana ukiwamo jikoni?" nikauliza.

"Hauwezi kuwamo. Ukikutana na huu, basi nyumba hiyo mwaka haujatoka." Dada aliacha kucheka kidogo. "Mama hajalala siku mbili kwa ajili ya moto huo."

Nilikimbia. Naona aibu kuandika nilichofanya, lakini katekista atasoma na mama atasikia. Nilikimbia ili niufiche. Niliingia bandani, nikavuta kuni nje kwa mkono, nikazifukia mchangani nyuma ya banda la kuku, nikamwaga maji ya sufuria, nikafagia kwa kiganja. Mkono uliungua. Niliporudi mlangoni palionekana karibu kama nilivyopakuta, na nikasema moyoni, hakuna aliyeona.

Bibi akaingia. Akapiga magoti mbele ya mafiga. Nyuma yake mlango ulijaa: shangazi, majirani, na dada akiwa ameletewa kigoda akae karibu, maana uji wa kwanza wa moto mpya ulikuwa wake. Bibi akasoma kitu kwa sauti ya chini. Kisha akashika figa moja ili alisogeze, akarudisha mkono haraka.

"Lina joto," akasema.

Watu waliokuwa mlangoni wakasogea.

"Jua, hilo," akasema shangazi. "Banda hili linaelekea mashariki."

Bibi akatazama mafiga. Nikaona anataka kuamini. Alikuwa amechoka, na moto uliokuwa mikononi mwake ulikuwa unapungua. "Labda jua," akasema, akafunua jani.

Nilijua kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Nilijua pia kwamba dada atakunywa uji ule, na kwamba mimi ndiye nitakayekaa siku arobaini namtazama mtoto anavyopumua. Na jambo baya zaidi lilikuwa hili: ili niseme nilichofanya, ningelazimika kusema kwa nini. Ningelazimika kutaja kifo mbele ya mwenye mimba, siku ya mwaka mpya.

"Bibi, usiweke!"

Sikujua kama nina sauti ile. Kuku waliruka.

"Mafiga yana joto kwa sababu niliwasha moto. Moto wa zamani. Niliomba kwa jirani. Niliamka nikakuta jiko limezolewa na mkeka umekunjwa, na kwetu hiyo ni… kwetu jiko likizolewa…" Nikamtazama dada. "Nilidhani amekufa."

Shangazi mmoja akaziba mdomo. Mwingine akasema, "Astaghafirullah, maneno gani hayo asubuhi hii!" Bibi alibaki amepiga magoti, kigae mikononi, akinitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta umefungwa kwa ndani. Nilianza kufikiri nitafungaje mzigo wangu.

Aliyenisemesha kwanza alikuwa dada.

"Ulinilia?"

Akajibu mchonga vinyago, ambaye alikuwa amefika na shati lake la kanisani, amesimama nyuma ya watu kofia mkononi, akijaribu kuelewa ni maziko gani haya.

"Alilia," akasema. "Kinyago changu mpaka sasa hakijakauka."

Dada akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama! Umesikia? Mtani amekwisha kunilia! Msiba wangu umepita leo asubuhi nami nilikuwa baharini, sikuuona!"

Nikaona mabega ya bibi yanashuka. Kisha akawageukia shangazi, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya ng'ambo ya barabara:

"Angesema mtu wa ukoo, huo ungekuwa uchuro. Huyu ni mtani. Si ndio kazi yake? Nani mwingine angetulilia bila kutuharibia?" Akanigeukia. "Lakini moto ule hauwezi kubaki hapa, wala majivu yake, wala mawe haya yaliyouonja. Na mie sishiki, na huyu hashiki, na hawa shangazi zake hawashiki. Utatoa wewe. Utabeba kichwani mpaka baharini, kama ulivyozaliwa kubeba."

Walimpa moto mpya mwanamke mmoja aulinde kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wakanipa karai. Nilifukua kuni zangu nyuma ya banda la kuku huku watu wote wakitazama, na hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba, maana waliona jinsi nilivyozificha. "Kafukia kama paka!" akasema kijana wa kibuyu. Nikaweka kuni, nikakomba majivu, nikaweka mafiga matatu juu yake. Bibi mwenyewe akanisokotea kata ya kanga kuukuu, akaniwekea kichwani. Karai lilikuwa zito na lilikuwa la moto.

Msafara uliokuwa umerudi kutoka baharini ukageuka ukarudi baharini tena, safari hii mimi nikiwa mbele. Nilikuwa sijawahi kutembea mbele ya watu. Kila nyumba iliyokuwa na mtu mlangoni ilipata maelezo.

"Ana nini huyo?"

"Mwaka! Tuliutupa, Mnyamwezi kaurudisha!"

"Kaurudisha wa nini?"

"Kauonea huruma!"

Jasho lilinitiririka machoni. Mkono niliouunguza ulikuwa unawaka. Bibi alikuwa anatembea ubavuni mwangu, amejifunga kanga kiunoni kama msichana, na tulipofika kwenye mteremko wa mikoko nikajikwaa mzizi. Karai likayumba.

"Taratibu, mpagazi!" akapiga kelele. "Usije ukauangusha kama ile pembe ya babu!"

Akanyamaza kunipa nafasi, kama alivyofanya kila asubuhi. Sijui ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu sikuweza kumtazama mtu, shingo yangu ikiwa imekazwa na mzigo.

"Pembe haikuanguka, bibi," nikasema. "Babu yangu aliitua apumzike. Babu yako ndiye aliyeiiba, akaiuza, akanunua ngoma. Ndiyo hiyo mnayoipiga."

Msafara wote ulisimama. Kisha mpiga ngoma akaipiga kofi moja, pa! na watu wakalipuka. Bibi aliketi chini kwenye mchanga. Alicheka mpaka machozi, akaelekeza kidole kwangu, akashindwa kusema, akacheka tena. Nami nilisimama pale na mwaka kichwani, nikangoja amalize.

Nilimwaga kila kitu majini, mafiga yakazama. Halafu vijana wawili wakanishika mikono, na kabla sijawaambia kwamba sijui kuogelea nikawa chini ya maji. Nakumbuka rangi ya kijani, na chumvi puani, na mikono yao ambayo haikuniachia. Walinizamisha mara tatu.

Tuliporudi kulikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria: moto ulikuwapo, mafiga hayakuwapo. Bibi akatazama huku na huku. Juu ya banda la kuku palikuwa na mawe matatu makubwa yaliyozuia bati lisipeperuke. "Hayo," akasema. "Utaleta mengine baadaye." Tukayapanga jikoni, akapiga magoti mara ya pili, akasoma tena, akaweka moto. Safari hii hakuna kilichokuwa na joto ila moto wenyewe. Dada alikunywa uji wake, kisha watu wote wakala kunde na mtama na mahindi yaliyochemshwa pamoja, hata mchonga vinyago, aliyekula akiwa na shati lake la msiba.

Mtoto alizaliwa siku ya kumi na moja, mchana, msichana. Tangu hapo kila asubuhi niliandika mstari mmoja katika daftari. Mingi ni mifupi: ameamka, ananyonya, analia kwa nguvu. Katikati ya siku hizo mjomba aliandika kutoka Morogoro kwamba kazi imepatikana, nipande gari. Barua ya kumjibu ilinichukua siku mbili. Nilimwambia nitakuja baada ya arobaini, na sikueleza arobaini ya nani.

Ilipotimia, walimnyoa nywele, wakamfunga katika kitambaa cheupe wamtoe nje aonyeshwe nyumba yao. Nilikuwa nimesimama nyuma, mahali pangu. Bibi akawapita shangazi wote watatu akaja mpaka kwangu.

"Haya, mpagazi," akasema. "Mzigo mwingine huu. Mzungushe nyumba."

"Mbaya huyu," nikasema. "Amefanana na bibi yake."

"Kwa hiyo ni mzuri. Shika."

Nilimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwepesi kuliko karai, na nilimwogopa zaidi. Tukapita mlango wa mbele, tukapita kinu, tukaingia bandani akaona jiko, na yale mawe matatu yalikuwa yamekwisha kuwa meusi kama mafiga mengine yoyote. Nje upepo ulikuwa unapiga. Bati la banda la kuku lilikuwa linagonga, maana mawe mengine nilikuwa bado sijayaleta.